Popote, Mjomba

Houston, Texas

Mjomba wangu, shikamoo.

Na mkaza mjomba pia shikamoo yake. Najua barua hii utaisoma kwa sauti barazani, miwani umeishikilia kwa mkono kwa sababu mguu wake mmoja ulivunjika tangu enzi za Mzee Ruksa na hutaki kuipeleka kwa fundi. Kwa hiyo nawasalimu wote mliokaa hapo mnakunywa kahawa, akiwemo yule ambaye kila siku amesahau pochi nyumbani.

Uliponipigia simu ukauliza nakwenda Mexico kufuata nini, nikajibu nakwenda kutembea, ulinyamaza mpaka nikadhani salio limekata. Kisha ukasema mtu na akili zake hasafiri peke yake pasipo msiba, harusi wala biashara. Hata majini husafiri kwa makundi. Nimerudi jana. Nakuandikia kabla sijafua nguo, maana lipo jambo nililofanya huko ambalo bora ulisikie kwangu kuliko uione picha kwenye simu ya mtu. Nitalileta kwa utaratibu wake. Usiruke kurasa.

Mji wenyewe ni Veracruz, bandari kongwe kwenye Ghuba ya Mexico, alikoshuka Hernán Cortés mwaka 1519 akaanza yale aliyoyaanza. Nilipotoka nje ya uwanja wa ndege joto likanikumbatia kama shangazi wa Pangani, lina jasho na haliachii. Nikajua nimefika pwani.

Kihispania nilijifunza kwa simu, miezi mitatu, ndani ya basi la kwenda kazini ghalani. Nikajiona nimehitimu, kwa sababu nusu ya maneno ni kama ya kwetu. Meza ni mesa. Bendera ni bandera. Limau ni limón, sukari ni azúcar, na pesa yao inaitwa peso. Hata inshallah wanayo: husema ojalá, neno ambalo Waarabu waliliacha Uhispania, na matumizi ni yaleyale. Fundi akikwambia ojalá, tafuta kiti ukae.

Shida ni ile nusu nyingine.

Siku ya kwanza niliingia kwenye mgahawa mdogo karibu na soko la samaki. Kijana wa pale akanitazama, akachungulia nyuma yangu kama kuna mtu anafuata, akauliza: “¿Solo?” Mjomba, wewe ndiye uliyenifundisha kwamba bendi ina gitaa la solo, la rithim na la besi. Nikadhani nimefananishwa na mpiga gitaa. Nikakataa kwa adabu, hapana, mimi hata manyanga siwezi. Kumbe solo kwao ni “uko peke yako?” Kijana aliyeambiwa hapana akaandaa meza ya watu wawili, akapanga vijiko viwili, akawa anautazama mlango kwa niaba yangu.

Nikaagiza maji ya ukwaju, ladha ileile ya futari nyumbani. Akaniletea bilauri, akauliza: “¿Popote?” Nilisikia kwa masikio yangu haya, Kiswahili safi, popote. Nikaona ameng'amua kwamba mlangoni pananikera, ananiruhusu nikae nipendapo. Nikamjibu, “Popote, ndugu yangu!” Nikabeba bilauri nikahamia dirishani. Akanifuata na mrija. Nikaushukuru mrija, nikauweka kando. Bilauri ya pili: “¿Popote?” Nikasema basi, hapa dirishani pana mwenyewe, nikachukua begi nikahamia chini ya feni. Akaja na mrija mwingine. Bilauri ya tatu nilihamia karibu na jikoni. Nilikuwa nimeuzunguka mgahawa mzima kama mwari anayetembezwa, nina mirija mitatu mkononi, na mama mmoja mtu mzima kwenye kaunta anafuta machozi kwa aproni. Popote, Mjomba, ndiyo mrija wenyewe. Mexico nzima huuita hivyo.

Hapo sijakwambia chakula. Kwenye orodha nikaona neno papas. Mji wa bahari, soko la samaki mlango wa pili, papa! Nikakumbuka papa wa nazi wa mkaza mjomba, mate yakanijaa. Ikaja sahani ya chipsi. Papa kwao ni kiazi. Papa mwenyewe, yule wa meno, akiwa mdogo huitwa cazón, na alikuwa ndani ya zile sambusa zao kubwa wanazoziita empanada, ambazo nilikuwa nimezikataa dakika tano kabla nikihofia nguruwe.

Yule mama akashindwa kuvumilia. Akatoka kaunta, akaja kukaa kwenye kile kiti cha mgeni wangu asiyefika. “Solito,” akasema, yaani peke yako vilevile, ila kwa kukuonea huruma. Akataka kujua mke yuko wapi, mama yuko wapi, nani amekufa. Maswali yako yote, Mjomba, na kwa mpangilio uleule. Nikaona nimtulize kwa picha za nyumbani. Huyu baba, nikamwambia, na huyu kaka. Akashika mdomo. Baba kwao ni mate yanayomchuruzika mtoto. Na kaka, samahani kwa mnaokula kashata hapo, ni kile anachofutwa mtoto huyohuyo upande wa pili. Wewe nilikusitiri, nilisema tío tu. Baada ya hapo sikuruhusiwa kula kwingine. Siku moja nilijaribu kukatiza kwa mtaa wa nyuma. Kijana wa mirija alinifuata na pikipiki. Ndipo nilipokula samaki wao mwekundu anayepikwa kwa nyanya, zeituni na pilipili, na wali wa majimaji wenye kamba na kaa ndani, unaoitwa arroz a la tumbada. Mkaza mjomba angesema wali haujakauka. Angerudia sahani, lakini angesema.

Sasa muuza kahawa hapo barazani asogee. Kando ya bandari kuna mkahawa, Gran Café de la Parroquia, unaojihesabia umri tangu 1808. Unaletewa bilauri yenye kahawa nzito kidogo tu chini. Unachukua kijiko, unaigonga bilauri, ting ting ting. Mhudumu anakuja na birika la maziwa ya moto, analiinua juu ya bega, anamimina uzi mrefu mweupe mpaka bilauri ijae, hata tone halidondoki mezani. Kwetu muuza kahawa ndiye anayegonganisha vikombe kuita wateja. Kule mteja ndiye anayemgongea muuzaji. Kelele ni ileile, anayehangaika ni mwingine. Niligonga mara nyingi kuliko kiu yangu, kwa raha ya kujibiwa tu, nikanywa maziwa mengi kuliko niliyowahi kunywa tangu niachishwe ziwa. Usiku ule sitauelezea.

Jioni mji mzima hushuka malecón, matembezi ya kando ya gati, kama sisi tunavyokwenda Raskazone kupunga upepo. Kuna maduka ya aiskrimu, na nje ya kila duka vijana wanaita wateja kwa sauti ya muadhini aliyechelewa: “Güero, güero, güero!” Güero ni mtu mweupe, mwenye nywele za dhahabu. Nikageuka kumtafuta mzungu anayeitwa. Hapakuwa na mtu. Ni mimi. Mimi, ambaye utotoni mlinipa jina la Makaa! Kumbe huita kila mpita njia hivyo, awe wa rangi yoyote, ndiyo sifa ya biashara yao. Nilinunua mbili, ya stafeli na ya karanga, na si kwa njaa.

Nikiwa na aiskrimu mikono yote miwili, norte ikaanza. Hiyo ni kaskazi ya kwao, ila haina adabu ya kaskazi yetu inayoleta majahazi. Ya kwao inakuja kubomoa. Upepo wa kwanza tu ukainyakua kofia yangu, ile ya kushona kwa mkono uliyonipa siku naondoka, ukaitia baharini. Sasa pale gatini kuna vijana wanaozamia sarafu. Watalii huzitupa majini, wao huibuka nazo mdomoni. Kabla sijapiga ukelele mmoja alishajirusha, akaibuka na kofia yako kichwani, imemkaa kuliko inavyonikaa mimi. Tukapatana bei. Niseme ukweli, hatukupatana. Nililipa.

Ng'ambo ya maji kuna ngome ya San Juan de Ulúa. Walianza kuijenga mwaka 1535, kwa mawe ya matumbawe kama Fort Jesus ya Mombasa. Ukipapasa ukuta unagusa bahari iliyokauka. Ndani kuna vyumba vya wafungwa, giza na unyevu, maji yanadondoka kutoka darini. Benito Juárez, aliyekuja kuwa rais wao, aliwahi kushikiliwa humo. Na bandari hii ndipo waliposhushwa Waafrika wengi walioletwa Mexico utumwani. Mwaka 1568 hata John Hawkins, Mwingereza mfanyabiashara wa watumwa, alipigwa hapo na Wahispania mpaka akakimbia na meli zake mbili tu. Mwongozaji alipofika hapo alinitazama, akanyamaza kidogo, akatuongoza nje kwenye jua.

Nje akatueleza kwamba mji wao huitwa shujaa mara nne: kwa Wahispania 1825, Wafaransa 1838, na Wamarekani mara mbili, 1847 na 1914. Hiyo ya Wafaransa sikilizeni vizuri. Miongoni mwa madai yao lilikuwamo la mpishi wa keki, Mfaransa, aliyelalamika kuwa askari wa Mexico wamemharibia duka. Zikaletwa manowari, ngome ikapigwa mizinga, na mpaka leo inaitwa Vita ya Keki. Katika vita hiyo jenerali Santa Anna alipoteza mguu. Mwaka 1842, alipokuwa rais, mguu ule ukazikwa Jiji la Mexico kwa heshima zote za kijeshi. Sheikh hapo barazani atufafanulie: mguu unasomewa talakini?

Aliposema 1914 nikanyoosha mkono kama darasani. Wamarekani walishuka Veracruz Aprili mwaka ule, wakakaa hadi Novemba. Na Novemba hiyohiyo, Mjomba, Waingereza na majeshi yao kutoka India walishuka wapi? Nikawaambia watalii wote: mimi natoka Tanga, na sisi tulivamiwa kwa bahari mwaka huohuo, wavamizi wetu wakaondoka baada ya siku chache tu kwa sababu tulikuwa na nyuki. Nyuki kwa Kihispania sikulijua. Nikafanya zzzzz na kujipigapiga shingoni. Mwongozaji akakimbilia begi la huduma ya kwanza.

Usiku nilikwenda uwanja wa katikati ya mji, mbele ya kanisa kuu. Mjomba, pale ungelia. Wazee, wanaume wamevaa mashati meupe yaliyopigwa pasi na kofia za ukindu, wanawake wana vipepeo vya mkononi, wanacheza danzón, muziki uliotoka Cuba ukalowea hapo. Hakuna anayekimbia. Wamesimama wima, hatua ndogo, uso umetulia kama mtu anayesikiliza hukumu ya kesi ya jirani. Halafu katikati ya wimbo wanasimama kabisa. Wanaigeukia bendi, wanawake wanajipepea, wanaume wanafuta jasho, na hesabu ikifika wanaendelea kama hawakuacha. Chini ya matao ya hoteli watu watatu wanapiga marimba moja ndefu. Nikazikumbuka santuri zako za Cuban Marimba ya Salum Abdallah. Nilipokuwa mdogo nilikuuliza Morogoro na Cuba wapi na wapi, ukaniambia nikalale. Neno lenyewe marimba ni la Kibantu, lilivuka bahari pamoja na waliovushwa kwa nguvu, na lilirudi Morogoro ndani ya sahani ya santuri. Ungenijibu hivyo ningelala mapema.

Mama mmoja, si chini ya miaka sabini, akanisogelea. “¿Solo?” Safari hii maana nilikuwa naijua. Nikasema ndiyo. Akanishika mkono, tukaingia uwanjani. Nikazitumia hatua zile ulizotufundisha sebuleni kwa Jamhuri Jazz, zikakubali, mama akatikisa kichwa kuridhika, nikaona watu wananitazama, nikaongeza madoido. Ukafika ule mkato. Uwanja mzima ukasimama. Mimi nikaendelea. Hapo ndipo nilipokuwa solo kwelikweli, Mjomba, kwa maana zote mbili.

Sasa lile jambo.

Yule mama wa mgahawa, aliponiuliza mara ya tatu natoka Afrika gani, akapiga meza. “Basi lazima uende Yanga!” Nikamwomba arudie. Yanga, akasema. Ni mji. Mji wa Waafrika. Nilikwenda chooni nikanawa uso. Mwanachama wa Msimbazi mimi, nimevuka bahari, nimehamia Texas, nimeshuka Mexico kupumzika, Yanga imenifuata mpaka kwenye sahani ya samaki.

Kesho yake asubuhi nikavaa jezi nyekundu, makusudi kabisa, nikapanda basi la Córdoba, halafu dogo lililopita katikati ya mashamba ya miwa, mpaka kwenye kibao. YANGA. Herufi kubwa. Kwenye bustani ya mji kuna sanamu ya mwanamume mwenye kifua kama ngalawa iliyopinduliwa, panga mkononi. Ndiye Yanga mwenyewe.

Habari zake ni hizi, na nakuandikia jinsi zilivyo bila ushabiki. Alikuwa Mwafrika aliyetiwa utumwani. Yapata mwaka 1570 akatoroka na wenzake wakaingia milimani, wakakaa huko zaidi ya miaka 30, wakivizia misafara kwenye njia ya bandarini kwenda Jiji la Mexico. Mwaka 1609 mwakilishi wa mfalme wa Uhispania akachoka, akatuma jeshi kutoka Puebla. Yanga alishakuwa mzee. Uwanjani akamwachia Francisco de la Matosa, Mwangola, mwenyewe akakaa benchi la ufundi. Wahispania walichoma makazi yao, lakini watu waliingia porini na vita havikuisha, mpaka wakubwa wakakubali masharti yake: watu wake wawe huru, wapate ardhi na mji wao. Ukaitwa San Lorenzo de los Negros. Mwaka 1932 ukapewa jina la Yanga. Klabu yenu ilianzishwa 1935. Mimi sisemi neno. Hesabu zifanyeni wenyewe hapo barazani.

Nilikuwa nacheka peke yangu chini ya sanamu. Mzee mmoja akauliza kulikoni. Nikamweleza kwa Kihispania cha kwenye basi kwamba kwetu Afrika iko timu kubwa ya mpira inaitwa Yanga. Mzee akaita wenzake. Wenzake wakaita wake zao. Muda si mrefu nina bilauri ya juisi ya miwa (na popote wake, nao nikaupokea bila kuhama) na kundi la watu wananipa mkono wa pongezi, kwa sababu wameelewa kwamba mimi ni mshabiki wa Yanga niliyekuja kuhiji.

Nikaona dhambi hii haiwezekani. Nikapiga kifua, kwenye jezi nyekundu: hapana, mimi si Yanga, mimi ni Simba! Simba kwa Kihispania ni león. “Yo soy León!” Wakashangilia zaidi. Mjomba, Mexico kuna timu inaitwa León, kubwa, ya ligi kuu. Na León wanavaa kijani. “¡León! ¡Verde!” Kijana mmoja akavua kofia yake ya kijani akanivika ili nikamilike, wakanisimamisha chini ya kibao, mtu akashika simu yangu, na ndiyo hiyo picha niliyosema. Nyekundu iko, lakini herufi zimeizidi.

Ukiiona, usiitundike pale kwa kinyozi. Nakuomba kama mpwa.

Kabla sijapanda basi la kurudi nilimuuliza yule mzee swali moja, kwa sababu nilijua na wewe utaniuliza: katika miaka yote ile, Wahispania walimkamata? Akatikisa kidole. Hata siku moja. Kwa hiyo nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe, kwa wino wa bluu, ukaionyeshe kwa yeyote: Yanga hakufungwa.

Ni hakufungwa, Mjomba. Si haikufungwa. Ukifika hapo kwenye kusoma, weka miwani vizuri uitamke kama nilivyoandika.

Mpwa wako, bado wa Msimbazi.